Shujaa asiyevaa bendera: Vibonzo na sura ya taifa la Kenya

Na MWANDISHI WETU

MWEZI Februari mwaka 2010, wasomaji wa Daily Nation walikuta ndani ya gazeti hilo kijitabu cha kurasa za rangi kilichoitwa Shujaaz. Hakikuuzwa. Kiligawanywa bure pamoja na gazeti na katika vibanda vya M-Pesa, njia mbili ambazo hufika hata katika miji midogo ya biashara kama Silibwet, Kaunti ya Bomet. Huko duka la vitabu vya hadithi ni adimu, lakini kibanda cha kutuma na kupokea pesa hakikosekani karibu na kituo cha bodaboda.

Jina lenyewe la kijitabu lilikuwa na la kusema. Neno ni shujaa, ila mwishoni limetiwa herufi ya wingi kwa mtindo wa Sheng. Si shujaa mmoja, ni mashujaa. Herufi hiyo moja ina uzito kuliko inavyodhaniwa, maadamu mataifa mengi yaliyowahi kujichora katika vibonzo yalichagua mtu mmoja, tena mwanamume, tena mwenye misuli.

Katika fani hii, shujaa wa kizalendo ni mhusika wa aina ya pekee. Ana nguvu zipitazo za binadamu, ana vazi linalomtambulisha, na vazi hilo hubeba rangi au nembo za nchi yake. Adui zake ndio adui wa nchi. Mambo anayokataa kuyafanya ndiyo yale ambayo nchi ingependa kuamini kwamba haiyafanyi. Kwa hiyo, anayetaka kujua taifa fulani linajionaje asisome hotuba za sikukuu pekee. Atazame pia vitabu ambavyo watoto huvificha chini ya dawati mwalimu anapoingia darasani.

Mfano ujulikanao zaidi ni Captain America. Alibuniwa na Joe Simon na Jack Kirby, vijana wa Kiyahudi waliozaliwa katika familia za wahamiaji jimboni New York. Toleo la kwanza lilikuwa na tarehe ya Machi 1941, ingawa lilianza kuuzwa Desemba 1940, na jalada lake lilimwonyesha akimtwanga Adolf Hitler konde la uso. Marekani haikuwa imeingia vitani. Iliingia Desemba 1941, baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor. Yaani shujaa huyo hakuonyesha nchi ilivyokuwa siku hiyo. Alionyesha jinsi wachoraji wawili walivyotaka iwe, na wako Waamerika waliochukizwa na jalada hilo.

Hulka yake pia ilichaguliwa kwa makini. Kabla ya kudungwa dawa ya ajabu, Steve Rogers ni kijana dhaifu anayekataliwa jeshini. Nguvu anapewa na serikali, ila moyo wa kutaka kupigana na uonevu alikuwa nao tangu mwanzo. Hapo ndipo ndoto ya Marekani ilipokaa: mtu asiye na kitu, aliye na nia njema, akipewa nafasi atakuwa mkubwa.

Shujaa wa namna hiyo hulazimika kuchukua msimamo nchi inapokwenda kombo. Mwaka 1974, wakati wa kashfa ya Watergate, waandishi walimfanya Steve Rogers avue vazi lake kwa kuwa hakuweza tena kuivalia serikali aliyoiona imeoza. Mwaka 2003 kikatoka kisa kingine kilichosimulia askari weusi waliofanyiwa majaribio ya dawa ya namna hiyo, kisa kilichowakumbusha wasomaji majaribio halisi ya Tuskegee, ambapo wanaume weusi waliokuwa na kaswende waliachwa bila matibabu kwa miongo kadhaa. Mwaka 2014 ngao ikapewa Sam Wilson, Mmarekani mweusi, na katika filamu ya mwaka 2025 ni yeye anayeishika. Hakuna hotuba ya rais wa Marekani iliyojadili suala la nani ni Mmarekani kamili kwa muda mrefu kama vijitabu hivyo vya watoto.

Nchi nyingine ziliiga. Kanada ilipata Captain Canuck mwaka 1975, Uingereza ikapata Captain Britain mwaka 1976. Kule Kuwait, mwaka 2006, Naif Al-Mutawa alianzisha The 99, kundi la mashujaa ambao sifa zao zilitokana na majina 99 ya Mwenyezi Mungu. Afrika Kusini ina Kwezi, kijana wa mjini aliyebuniwa na Loyiso Mkize mwaka 2014, ambaye kosa lake la kwanza ni majivuno. Nguvu anazo, ila kwanza anazitumia kujitafutia sifa.

Na Kenya je?

NAFASI ILIYOKUWA NA MWENYEWE

Bendera iliyopandishwa usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963 ilikuwa na kila kitu ambacho mchoraji angehitaji. Ina rangi nne, ina mikuki miwili, na katikati ina ngao. Ngao ya Captain America ilibidi ibuniwe. Ya Kenya ilikuwapo tayari. Hata hivyo, hakuna mhusika wa vibonzo aliyeivaa ngao hiyo kifuani na akashika mizizi katika mapenzi ya wasomaji wa nchi hii.

Sababu ndogo ni ya kisheria. Sheria ya Bendera, Nembo na Majina ya Kitaifa, Sura ya 99, hairuhusu mtu kutumia alama hizo kwa biashara bila idhini ya serikali. Mchoraji anayetaka kuuza kitabu chenye bendera jaladani hana budi kufikiri mara mbili.

Sababu kubwa ni kwamba nafasi ya shujaa wa taifa ilikuwa imekwisha kukaliwa. Picha ya Rais ilitundikwa katika kila ofisi na karibu kila duka, kuanzia barabara kuu za Nairobi hadi vibanda vya mabati katika nchi ya majani chai. Uso wake ulikuwa kwenye noti na sarafu. Hata siku ya kukumbuka kukamatwa kwa wapigania uhuru usiku wa Oktoba 20, 1952 iliitwa kwa jina la mtu mmoja, Kenyatta, ingawa waliokamatwa walikuwa wengi. Katika enzi ya chama kimoja, kumchora mwokozi mwingine wa taifa kungezua swali ambalo mhariri yeyote mwenye familia asingependa kulijibu: je, huyu aliyepo hatoshi?

Ndipo vibonzo vya Kenya vikachukua njia nyingine, njia ya mzaha. Mhusika aliyependwa na vizazi vya wasomaji wa Taifa Leo ni Juha Kalulu wa mchoraji Edward Gitau, mtu ambaye hawezi kuokoa hata nyumba yake, seuze taifa. Mwaka 1973 Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha jarida la Joe, ambalo mhusika wake ni mwananchi wa kawaida anayepambana na kodi ya nyumba na mshahara usiofika mwisho wa mwezi. Bogi Benda wa James Tumusiime alikuwa wa ukoo huo huo, na ng'ambo ya mpaka, katika Tanzania ya ujamaa, Chakubanga wa Christian Gregory aliwachekesha wasomaji wa gazeti la Uhuru. Wote hao ni watu wa chini. Silaha yao ni ulimi, na mara nyingi hata huo hauwasaidii.

Aliyekuwa na misuli alikuwa mgeni. Katika miaka ya 1960, jarida la African Film la kampuni ya Drum lilimleta Lance Spearman, mpelelezi wa hadithi za picha zilizopigwa kwa kamera badala ya kuchorwa. Suti nadhifu, kofia, gari la kasi. Vijana wa shule wa Afrika Mashariki walimsoma kwa pupa. Lakini Spearman hakuwa na nchi. Jiji lake halikuwa na jina, lilikuwa la Kiafrika tu, na pengine ndiyo sababu aliweza kuvuka mipaka bila kuulizwa pasipoti. Naye Frank Odoi, mzaliwa wa Ghana aliyefanya kazi yake Kenya hadi alipofariki katika ajali ya matatu Nairobi mwaka 2012, alimbuni Akokhan, kisa cha nguvu za kichawi zinazopambana vizazi kwa vizazi. Ni kazi kubwa kwa sanaa, ila nayo haikudai kuisemea Kenya.

LWANDA MAGERE AKIFIKA SILIBWET

Jaribio lililokaribia zaidi kuwapa Wakenya shujaa wao wa vibonzo lilikuja miaka ya 1980, pale Terry Hirst alipoanzisha mfululizo wa Pichadithi. Jina hilo liliunganisha picha na hadithi, na wazo lilikuwa jepesi na la busara: badala ya kuiga mashujaa wa Marekani, zichukuliwe ngano za makabila ya Kenya zichorwe ili mtoto wa kila kabila azisome zote. Hiyo ilikuwa enzi ya Nyayo, ya kaulimbiu ya amani, upendo na umoja. Kitabu kimoja kingetoka Ukambani, kingine Mlima Kenya, kingine Nyanza, na vyote vingewekwa katika rafu moja.

Mmoja wa mashujaa hao ni Lwanda Magere. Ukimtazama kwa jicho la fani hii, ndiye hasa shujaa wa ajabu aliyekamilika. Mwili wake ni wa jiwe. Mkuki ukimpiga huruka pembeni. Peke yake aweza kulishinda jeshi. Na kama ilivyo ada, ana siri: uhai wake hauko mwilini bali kivulini. Kila mpenzi wa Superman na jiwe lake la kijani atautambua mpango huo, ila Wajaluo walikuwa wakisimulia kisa chao kabla Superman hajazaliwa mwaka 1938. Okoiti Omtatah, ambaye tangu 2022 ni Seneta wa Busia, alikiandikia tamthilia iliyochapishwa mwaka 1991, naye mtu akifika nchi ya Kano aweza kuonyeshwa jiwe ambalo husemekana ndilo shujaa mwenyewe.

Sasa, msomaji, chukua kitabu hicho ukisome ukiwa Silibwet.

Adui wa Lwanda Magere katika hadithi ni Lang'o. Hilo ni jina ambalo Wajaluo waliwaita majirani zao wa nyanda za juu, Wanandi na Wakipsigis. Wanaoanguka mbele ya mikuki ya shujaa, kisanduku baada ya kisanduku, ni babu za mtoto anayesoma. Wanaokutana usiku kupanga hila ni wazee wa kwao. Na yule binti mrembo anayetolewa aolewe na Lwanda Magere, aliyekaa naye akasubiri hadi alipougua, akajua kwamba dawa hutiwa katika chale za kivuli na si za mwili, kisha akatoroka usiku kuwapelekea watu wake habari, ni binti wa kwao pia.

Kwa msimulizi wa Kano, huyo ni msaliti. Kwa watu wake mwenyewe ni nini, kama si mzalendo? Aliacha kwao akaishi katika boma la adui, alitumia akili mahali ambapo wanaume wote walikuwa wameshindwa kwa nguvu, akamaliza vita. Hayo ndiyo matendo ambayo katika kitabu kingine yangempa yeye jalada. Hadithi haikubadilika hata neno moja. Kilichobadilika ni mlima anaokaa msomaji.

Si Wajaluo pekee wenye kisa cha namna hiyo. Mwishoni mwa karne ya 19 Wakipsigis walishindwa vibaya katika vita vya Mogori, vita ambavyo Abagusii huvikumbuka kwa jina la Saosao na kwa fahari. Kila bonde la nchi hii lina ushindi ambao bonde la pili huuita msiba. Wanandi wana Koitalel arap Samoei, aliyepigwa risasi na Richard Meinertzhagen tarehe 19 Oktoba 1905 alipokuwa ameitwa kwa mazungumzo ya amani. Kwake adui ni mkoloni, na kwa sababu hiyo taifa zima limeweza kumkumbatia; bakora zake za uongozi zilirejeshwa kutoka Uingereza mwaka 2006. Ni rahisi kumgawana shujaa ambaye adui yake amekwisha kwenda zake. Ni vigumu kumgawana yule ambaye adui yake ni jirani unayekutana naye sokoni Sondu.

Hili halikuwa jambo la vitabuni tu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ghasia zilizuka nchini na watu zaidi ya 1,100 wakauawa. Nchi ya majani chai haikunusurika: katika mashamba makubwa ya Kericho wafanyakazi wa jamii nyingine walishambuliwa na kufurushwa, na mpaka wa Sotik na Borabu, kati ya Wakipsigis na Abagusii, uliwaka moto. Kila upande ulikuwa na nyimbo za mashujaa wake. Mwandishi huyu haamini kwamba ngano huua watu. Hata hivyo, kijana aliyelelewa akijua mashujaa wa ukoo wake pekee anapoitwa awe shujaa, hulifahamu agizo hilo kwa namna moja tu.

MVULANA MWENYE REDIO

Hayo ndiyo mazingira aliyozaliwa Boyie. Mhusika mkuu wa Shujaaz ni kijana aliyemaliza shule asipate kazi, akajitengenezea kituo cha redio cha siri chumbani mwake na kuyaingilia mawimbi ya FM. Hapai angani. Hainui magari. Hata wanaoishi naye hawajui kwamba yeye ndiye DJ Boyie anayesikika nchi nzima. Kinachomfanya shujaa ni kwamba ana sauti na anaipitisha kwa wengine: vijana humpigia, humwandikia, naye hueneza mawazo yao. Pamoja naye wako Maria Kim, Malkia na Charlie Pele, kila mmoja na mahali pake na shida zake.

Kwamba shujaa huyo ni mtangazaji si jambo dogo. Baada ya ghasia za 2007 na 2008, redio za lugha za kienyeji zilishutumiwa kwa uchochezi, na mtangazaji mmoja alifikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague hadi kesi hiyo iliposimamishwa mwaka 2016. Kifaa kile kile kilichoogopwa kikawekwa mikononi mwa kijana wa kubuni ili kifanye kazi nyingine.

Na kazi yenyewe ilikuwa ipi? Hapa Shujaaz iliachana kabisa na desturi ya Marekani. Moja ya visa vilivyosambaa zaidi ni cha kupaka vifaranga rangi ili mwewe wasiwatambue kuwa ni mawindo. Kwingineko shujaa huzuia kimondo kisigonge dunia. Hapa anazuia mwewe asibebe kifaranga. Msomaji wa mjini hucheka. Mkulima wa Silibwet, ambaye kati ya malipo ya majani chai ya mwezi huu na ya mwezi ujao hutegemea mayai na maziwa, hacheki sana. Kuna heshima fulani katika kumchora shujaa anayejua bei ya kuku.

Mradi huo wa kampuni ya Well Told Story ulitunukiwa tuzo ya kimataifa ya Emmy mwaka 2012 na tena mwaka 2014, na miaka iliyofuata kazi yake nyingi ikahamia katika simu na mitandao. Sifa hizo unazistahili. Lakini yapo mambo mawili ambayo hayana budi kusemwa.

La kwanza ni fedha. Kitabu cha bure si cha bure, kuna aliyelipa. Kwa sehemu kubwa waliolipia Shujaaz ni mashirika ya kigeni ya maendeleo, na shujaa anayelipiwa na mfadhili hupenda kusisitiza yale ambayo mfadhili hupenda kuyasikia: weka akiba, panda mbegu bora, panga uzazi, piga kura kwa amani. Yote ni mema. Ila maadili hayo humwambia kijana ajirekebishe yeye kwanza. Mkulima mdogo anayepeleka majani yake kwenye kituo cha kupimia, akalipwa kwa kilo na kungojea bonasi ya mwaka, anajua kwamba hata akichuma vizuri namna gani, bei haipangwi Silibwet. Captain America alipata siku ya kuvua vazi kwa hasira juu ya serikali yake. Ni vigumu kumwona shujaa wa mradi akimvulia vazi mfadhili wake.

La pili ni lugha. Kijitabu kiliandikwa kwa Sheng, na waliochagua Sheng walikuwa na hoja nzito: ni lugha isiyo na kabila. Anayeizungumza hajulikani anatoka mlima gani, na baada ya 2008 hilo lilikuwa karibu sawa na nguvu ya ajabu. Lakini Sheng ina kwao, na kwao ni mitaa ya Nairobi. Mtoto wa Silibwet huongea Kikipsigis nyumbani, hufunzwa Kiswahili na Kiingereza shuleni, na Sheng huipata kwa redio, kwa matatu na kwa binamu aliyerudi likizo. Akimsoma Boyie anapata habari mbili kwa pamoja: kwamba yeye pia ni Mkenya, na kwamba Mkenya halisi huongea kama watu wa Eastlands. Kuna walimu wa Kiswahili wanaoilaumu Sheng kwa kuharibu sarufi. Lawama hiyo si ya hapa. Suala la hapa ni kwamba hata lugha isiyo na kabila ina kitovu, na aliye mbali na kitovu hujua.

MWAKA WA WINGI

Mwaka ule ule wa 2010 ulikuwa na mengine. Mwezi Machi, kundi la Just a Band lilitoa video ya wimbo wao Ha-He, na ndani yake akatokea Makmende, jitu la nywele nyingi na suruali pana ambaye hapigiki. Jina hilo watoto wa Kenya walikuwa wakilitumia kumkejeli anayejifanya hodari, nalo husemekana lilitokana na maneno ya Clint Eastwood katika filamu zake za polisi. Ndani ya siku chache Wakenya wakajaza mitandao kwa visa vya kutia chumvi kuhusu uwezo wake. Makmende ndiye shujaa mwenye misuli ambaye Kenya haikuwahi kumchora, na alipofika hatimaye, taifa zima lilimcheka kwa mapenzi. Aidha, hakuna aliyemmiliki. Kila mtu alimwongezea kisa chake.

Kisha, tarehe 27 Agosti 2010, ikatangazwa Katiba mpya. Kifungu cha 9 kiliiondoa Sikukuu ya Kenyatta na kuweka mahali pake Siku ya Mashujaa, Oktoba 20 hiyo hiyo. Kifungu cha 10 kiliorodhesha maadili ya taifa, uzalendo na umoja wa kitaifa yakiwa miongoni mwa ya kwanza, yakifuatiwa na utu, usawa, haki ya kijamii na uadilifu. Na Kifungu cha 231 kikaamuru kwamba noti na sarafu zisibebe sura ya mtu yeyote. Sarafu mpya zilitoka Desemba 2018 zikiwa na wanyama wa porini. Noti zikafuata mwaka 2019.

Yaweke hayo pamoja na ile herufi moja ya Shujaaz. Katika mwaka mmoja, taifa liliondoa jina la mtu mmoja katika sikukuu, likaagiza uso wa mtu mmoja uondolewe katika fedha, na vijana wake wakapewa kijitabu ambacho jina lake liko katika wingi. Hakuna aliyekaa kikao kupanga mambo hayo yaende sambamba. Kama shujaa wa vibonzo ni kioo, hicho ndicho kilichoonekana ndani yake: nchi iliyochoka na mwokozi mmoja.

Bendera nayo haikupotea. Mwezi Juni 2024, vijana waliojitokeza kupinga Mswada wa Fedha walijifunga bendera mabegani, Nairobi, Mombasa, Kisumu, na hata Eldoret, katika Bonde la Ufa lililompa Rais kura zake. Katika picha za siku zile bendera inaning'inia mgongoni kama joho la shujaa wa vibonzo. Lakini waliivaa maelfu kwa wakati mmoja, walisema hawana kiongozi wala kabila, na nguvu zipitazo za binadamu hawakuwa nazo: makumi waliuawa mwaka huo. Rais aliukataa mswada tarehe 26 Juni, siku moja baada ya waandamanaji kuingia Bungeni.

Wachoraji nao wanaendelea. Super Sema, katuni ya YouTube iliyoanza Machi 8, 2021 na ambayo Lupita Nyong'o alishiriki kuitayarisha, ina msichana wa Kiafrika anayetumia sayansi na ubunifu kuukabili utawala wa roboti. Ni nzuri kwa watoto, nasi hatuna ugomvi nayo, isipokuwa kwamba nchi yake, Dunia, ni ya kubuni. Spearman naye hakuwa na nchi. Inaonekana Mwafrika akipewa nguvu za ajabu, jambo la kwanza linalofanywa ni kumwondoa mahali ambapo majirani wanaweza kumgombania.

Ilhali mahali halisi pana mali tele. Wilson Kiprugut arap Chumo, mzaliwa wa Kericho aliyefariki mwaka 2022, ndiye Mkenya wa kwanza kupata medali ya Olimpiki, shaba ya mita 800 mjini Tokyo mwaka 1964, kisha fedha mjini Mexico City mwaka 1968. Ukitaka shujaa ambaye ushindi wake hauna msiba upande wa pili wa bonde, huyo anatosha.

Na ukitaka kisa kigumu zaidi, kipo. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, uliokuwa na uongozi wa kiroho miongoni mwa Wakipsigis. Familia nzima, wazee, wanawake na watoto, ziliondolewa katika nchi ambayo sehemu yake kubwa leo ni mashamba ya chai, zikapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, mahali pa joto na mbung'o. Zilikaa huko hadi miaka ya 1960, na madai ya wazao wao yalifikishwa katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu mwaka 2022. Watoto waliozaliwa Gwassi walikulia kusini mwa Nyanza, miongoni mwa majirani ambao kwao neno Lang'o ni la zamani sana, na ambao jioni walikuwa wakiwasimulia watoto wao habari za mtu wa jiwe na mke aliyekijua kivuli chake.